Filtre iliyokataa kutoka

Pikipiki ya kikundi chetu ililala siku tatu bila kazi kwa sababu ya buloni moja iliyo ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Siku tatu bila pikipiki ni siku tatu bila hesabu ya motari, na mwezi ule wamama wawili wa kikundi walikuwa wakingojea mkopo wa kulipa minervali ya watoto wao. Ndiyo maana mama prezidante ameniomba niandike jambo hili. Vikundi vingi vinavyosoma jarida hili vina pikipiki au vinapanga kununua, na vingi vinafanya kama sisi tulivyokuwa tukifanya: tunatoa pesa ya vidanje, tunaandika katika kaye, tunarudi nyumbani.

Nitaandika "pikipiki" ingawa hapa Kindu wote tunasema "moto". Katika hadithi hii kuna pia maji ya moto, na sitaki mtu achanganye.

Pikipiki yetu ni ya kutoka India, ya 125. Tuliinunua kwa akiba ya karibu miaka miwili, pesa ya mchele, ya mawese, ya beignets za asubuhi. Motari wetu ni kijana mwenye mke na watoto wawili. Anabeba watu mjini, na siku za soko anavuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli, kiisha anashika njia ya Kalima kutafuta mizigo. Anayejua njia ile anajua matope yake. Na anayejua namna pikipiki inavyowekwa ndani ya mtumbwi anajua kwamba maji ya mtumbwini nayo huingia kila mahali chini ya motere. Matope, maji na mvua vimo katika hadithi hii kama washitakiwa wa kwanza, lakini si wao peke yao.

Siku ya posho, mama anayetunza kesi alikuwa matangani. Wakaniambia: Mwalimu, nenda wewe ukalipe vidanje. Nilibeba makaratasi ya wanafunzi wangu nikasahihishe huku nikingojea. Mimi sikuwa ninajua kitu juu ya motere. Nilijua kwamba mafuta yakiwa machafu yanabadilishwa, basi.

Fundi alikuwa kijana, chini ya mwembe, kando ya njia. Akafungua tundu la chini na mafuta yakatoka ndani ya beseni. Yalikuwa meusi kabisa na mepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Kiisha akaanza kufungua filtre. Kwenye pikipiki ya aina yetu filtre haionekani kwa nje. Imefichwa upande wa kuume wa motere, nyuma ya kifuniko kidogo cha duara kilichoshikwa na buloni tatu. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka kwa kulia. Ya tatu ikakataa. Kle yake ilikuwa imechakaa, ikateleza, kichwa cha buloni kikazidi kuwa cha mviringo. Akachukua pinse, akaikamata kwa nguvu, pinse nayo ikateleza. Ndipo akachukua nyundo na patasi.

Nikaweka makaratasi chini. Nikamuuliza: "Mwanangu, kifuniko hicho kikivunjika, kinapatikana hapa Kindu?"

Akasema: "Hapana, Mama. Kinaagizwa Bukavu, ama Kisangani."

"Kinafika kwa siku ngapi?"

Hakujibu. Nikamwomba aache kwanza. Alikasirika, na ninaelewa: mimi pia sipendi mtu aingie darasani mwangu kunionyesha namna ya kufundisha. Akaniambia maneno hayo hayo karibu: "Mama Mwalimu, mimi siingiaki darasani mwako." Nikalipa kazi aliyofanya, nikamwambia motari twende kwa mzee mmoja anayetengeneza pikipiki upande wa gare, ambaye mume wangu anamwamini.

Hapo tulikaribia kufanya kosa kubwa kuliko lile la patasi. Motari alikwisha panda juu, akaweka mguu apige kiki. Fundi kijana mwenyewe, pamoja na hasira yake, ndiye aliyepiga kelele: "Hakuna mafuta ndani!" Motere iliyomwagwa mafuta ikiwashwa, vyuma vinasuguana vikavu, na dakika chache tu zinatosha kuiua. Ninamshukuru kijana yule kwa kelele ile. Tukaisukuma mpaka gare, katikati ya jua, mimi nikishika makaratasi ya wanafunzi kwa meno.

Kabla sijaendelea na mzee, niseme kidogo filtre inafanya nini, maana nilipouliza wamama wa kikundi, wengi walidhani ni kitu ambacho fundi anauza tu ili aongeze bei.

Mkikamua mawese, mnayachuja ili makapi yasibaki ndani. Mafuta ya motere nayo yanazunguka mchana kutwa kati ya vyuma vinavyosuguana, na kila msuguano unatoa vumbi dogo la chuma. Esanse inayoungua nayo inaacha masizi. Uchafu huo wote unabebwa na mafuta. Filtre ni karatasi ngumu iliyokunjwa mikunjo mingi, nayo inashika makapi hayo ili mafuta yarudi safi. Karatasi ikijaa haiwezi tena kupitisha mafuta ya kutosha. Kwa kuwa motere bila mafuta inakufa, motere nyingi zimetengenezwa na njia ya pembeni: filtre ikiziba, mafuta yanapita kando bila kuchujwa. Pikipiki inaendelea kutembea kama kawaida. Hamsikii kitu. Lakini kutoka hapo mafuta yanazunguka na mchanga wake wa chuma, yakikwangua kila yanapopita. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha mafuta kila mwezi kwa uaminifu, filtre akaiacha ndani, na motere ikaendelea kuliwa polepole.

Mzee hakugusa kle yoyote kwanza. Aliosha. Alichukua burashi na mazutu kidogo, akasugua mahali pale kama mtu anayeosha sahani ya mgeni, akapangusa, akavaa miwani, akainama. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani amepata shida. Kiisha akaniita: "Mama Mwalimu, kuja uone." Akanionyesha kichwa cha buloni ya tatu. Kulikuwa na alama mpya za pinse, zinang'aa, hizo za asubuhi ile. Chini ya hizo kulikuwa na alama nyingine za meno ya pinse, nyeusi, zimejaa matope yaliyokauka. Akasema: "Huyu wa leo si wa kwanza. Kuna mtu alijaribu zamani, akashindwa, akaiacha."

Wakati ule sikuelewa uzito wa maneno yake. Nilifikiri juu ya buloni tu.

Kwa nini buloni inashika namna hiyo? Buloni ni chuma, na motere ni alimini. Maji yakiingia kati ya hivyo viwili, hasa maji ya matope, vinalana na kutoa unga mweupe unaojaza nyuzi za buloni kama simenti. Ongeza hapo fundi aliyekaza kwa nguvu zake zote akidhani kukaza sana ndiko kufunga vizuri. Ongeza joto na baridi za kila siku. Tena, kichwa cha buloni kikishikwa na kle isiyo ya kipimo chake, pembe zake sita zinaliwa, na bila pembe kle haina mahali pa kushika. Mara nyingi si ukutu unaotushinda. Ni kle mbovu ya mtu aliyetangulia.

Mzee aliweka matone machache ya dawa ya kulegeza kutu, ile ya kopo la kupuliza, kuzunguka kichwa cha buloni. Alisema asiye nayo anaweza kutumia mazutu au petroli ya taa, ila inakawia zaidi. Kiisha akachukua kipande cha chuma cha mviringo, akakisimamisha wima juu ya kichwa cha buloni, akakigonga kwa nyundo ndogo. Hakupiga kwa nguvu. Tik, tik, tik, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Kugonga huko kunapasua ule unga ndani ya nyuzi na kufungulia dawa njia. Akaweka dawa tena, akagonga tena, akafunika kwa kitambaa. "Sasa tuiache. Kesho ni siku ya Mungu. Mrudi kazi moja asubuhi."

Motari alilalamika. Kwake kila siku bila kazi ni siku bila chakula, na mimi mwenyewe nilikuwa nikihesabu minervali ya wale wamama wawili kichwani. Tulilala hivyo.

Siku ya kazi moja nilienda kabla ya shule. Mzee alikuwa amechemsha maji juu ya mbabula, mbali na pikipiki, maana karibu na esanse hakuwashwi moto hata wa sigara. Alichovya kitambaa katika maji yanayochemka, akakiweka juu ya kifuniko, akamwagia maji mengine juu, akarudia mara nne au tano mpaka alimini ilipokuwa ya moto kabisa. Hapa nilifurahi kama mtoto, kwa sababu jambo hili ninalifundisha mwaka wa sita: kitu kikipata joto kinapanuka, lakini si vitu vyote vinapanuka sawa. Alimini inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Tundu la alimini likipata joto linafunguka zaidi kuliko buloni ya chuma iliyo ndani yake inavyonenepa, na ule mshiko unalegea. Mzee hakusoma hesabu hiyo popote. Alisema tu: "Alimini inapenda joto." Miaka yote nimefundisha somo hilo kwa mfano wa reli ya gari-moshi. Sasa nina mfano mwingine.

Kwa kuwa pembe za kichwa zilikuwa zimeliwa, hakutumia kle ya 8 iliyo kipimo cha buloni ile. Alichukua kle ya mviringo ya 7, ile inayovalishwa juu ya kichwa kama kofia, akaipigilia kwa nyundo taratibu mpaka ikang'ang'ania. Nikadhani sasa atafungua. Kumbe alikaza kwanza! Kidogo sana, upana wa unywele. Kisha akarudisha nyuma. Akakaza tena kidogo, akarudisha. Mara ya tatu tukasikia mlio kama ukuni mkavu unapovunjika. Motari akasema "Yesu!" akidhani imekatika. Haikukatika. Ilikuwa imezunguka.

Mkumbuke mlio huo. Buloni inayolegea inalia mara moja kisha inazunguka kwa ugumu ule ule. Buloni inayotaka kukatika haina mlio, inakuwa laini ghafla mkononi, kama ndizi. Mkimwona fundi anasukuma na kle inaenda laini bila buloni kupanda, mwambieni asimame, arudishe, aongeze dawa na joto. Buloni iliyokatika ndani ya motere ni kazi ya kutoboa kwa mashine, na hapo hesabu inabadilika.

Buloni ilitoka, lakini kifuniko bado kilishika. Ndani yake kuna mpira mwembamba wa duara unaozuia mafuta yasitoke, na mpira huo ukizeeka unakuwa mgumu na kuganda. Wengi hapa huingiza turnevisi katikati wakang'oe kifuniko. Mzee alinionyesha kwa kidole kwa nini ni vibaya: sehemu hizo mbili zinazokutana ni laini kama kioo, na mkwaruzo mmoja wa turnevisi utavujisha mafuta mpaka siku ya mwisho, hata ukiweka mpira mpya. Yeye aligonga pembeni kwa mpini wa mti wa nyundo, akizunguka, mpaka kifuniko kikatingishika chenyewe.

Filtre nayo ilikuwa imekamatwa na mpira wake wa ndani uliovimba. Aliizungusha kwa vidole kulia na kushoto huku akiivuta, bila kuipiga. Ilitoka nyeusi, imebonyea upande mmoja, mikunjo ya karatasi imegandana kama kurasa za kitabu kilichoanguka mtoni. Akaipasua kwa kisu, akatandaza karatasi juu ya bati, akaisogeza kwenye jua. Ilimetameta. Wamama, sisi ni watu wa Maniema, tumeona dhahabu ya mto kwenye sahani ya mchimbaji. Ilikuwa inafanana na hiyo kabisa, ila hii ilikuwa motere yetu wenyewe ikiisha.

Mzee akaigeuzageuza. "Hii," akasema, "ndiyo iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Haijatoka hata siku moja."

Nitarudi kwa maneno hayo. Kwanza nimalize kufunga.

Filtre mpya ina upande wa tundu na upande uliozibwa, na kuna springi ndogo inayoisukuma. Ikiwekwa kinyume inaziba njia ya mafuta, na motere inaweza kukwama kabla ya kufika nyumbani. Mwambieni fundi, kabla hajatoa ya zamani, awaonyeshe ilivyolala, na pigeni picha kwa telefone. Mpira wa kifuniko ulibadilishwa na mpya, akaupaka mafuta kwa kidole. Mpira mkavu ndio unaojikunja wakati wa kufunga, ndio pia unaoganda kesho. Buloni ile ya tatu tuliitupa na kununua mpya. Zote tatu zilipakwa grisi kidogo sana, zikaingizwa kwa vidole kwanza mpaka mwisho, ndipo zikakazwa kidogo kidogo kwa zamu. Mzee alishika kle karibu na kichwa chake, si mwishoni mwa mkono, ili asiweze kukaza kupita kiasi hata akitaka. Buloni ndogo kama zile zinaomba nguvu ya mkono mmoja, basi.

Mafuta mapya yalikuwa karibu lita moja. Kipimo halisi kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye motere yenyewe karibu na tundu la kujazia. Nunueni mafuta ya pikipiki, si ya gari, hata kama ya gari yana bei nzuri: kwenye pikipiki za aina yetu ambreyage inaogelea ndani ya mafuta yale yale ya motere, na mafuta mengine ya gari yanaifanya iteleze. Kiisha motere inawashwa dakika chache, inazimwa, unangoja mafuta yashuke, unaangalia kipimo tena, unapitisha kidole chini ya kifuniko kuona kama kuna tone.

Pikipiki zote hazifanani. Nyingi za Kichina hazina filtre ya karatasi kama hii. Zina kichujio cha waya chini ya motere, nyuma ya kifuniko kikubwa chenye springi, kinachooshwa na kurudishwa. Hapo ugumu ni kifuniko chenyewe kilichokazwa sana, na dawa yake ni ile ile: kle ya kipimo kamili, joto, uvumilivu. Angalieni springi isiruke ikapotea mchangani. Pikipiki kubwa na magari vina filtre ya kopo, inayozungushwa yote kwa mkono. Kopo likikataa, motere ipashwe moto kidogo, kisha lizungushiwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili mkono usiteleze, au kle ya mkanda iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wengine wanalichoma turnevisi kubwa toka upande hadi upande na kulizungusha kama mpini. Wakati mwingine inafaa, wakati mwingine bati linapasuka na kubaki nusu, kwa hiyo iwe ya mwisho. Na kabla ya yote, mtu ajiulize anazungusha upande gani. Ukilala chini ya chombo, kushoto kunageuka kulia, na kuna makopo mengi yaliyokazwa zaidi na watu waliodhani wanafungua. Likitoka, angalieni kama mpira wake wa zamani haukubaki umeganda kwenye motere. Kopo jipya likifungwa juu ya mipira miwili, litamwaga mafuta njiani.

Sasa maneno ya mzee. "Haijatoka hata siku moja."

Jioni ile nilikwenda kwa mama wa kesi kuangalia kaye yetu. Niliandika mimi mwenyewe kurasa nyingine, mwandiko ni wangu. Filtre mpya: franka 7.000. Miezi kadhaa mbele: filtre, franka 7.000. Kisha tena filtre, franka 7.000. Mara tatu tumelipa filtre ambayo haikuingia. Franka 21.000 si kitu kikubwa mbele ya pikipiki nzima. Lakini ile karatasi iliyometameta juani ilikuwa na bei nyingine.

Mkutano wa siku ya kazi mbili ulikuwa mrefu. Tulimwita motari. Alisema kila mara alimpa pesa fundi wa mahali alipokuwa, mara huku, mara Alunguli, na kila mara fundi alimwambia "imekwisha". Yeye alikuwa ameketi pembeni akinywa chai. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Wamama wengine walitaka achukuliwe funguo pale pale. Mmoja alisema, na sauti yake ilikuwa kali: "Tumemlisha mtoto wa watu, anatuuzia upepo." Mwingine akajibu kwamba mtu anayetaka kuiba haibi franka 7.000, anaiba pikipiki. Kijana alikaa ameinamisha kichwa. Mimi sikuweza kujua moyoni mwake kuna nini, na bado sijui. Nilichojua ni kwamba katika kaye mwandiko ulikuwa wetu. Tuliandika "filtre" kwa sababu mtu alisema filtre. Mwanafunzi akiniambia amefanya zoezi, mimi ninamwambia alete kaye niione.

Tulikata hivi: kijana abaki na pikipiki, na nusu ya zile franka 21.000 arudishe kidogo kidogo. Nusu nyingine ni ya kikundi, kwa uzembe wetu. Mimi niliona ni kali kidogo kwake. Wengine waliona ni laini, na hawajanyamaza mpaka leo. Tena, kila vidanje mama mmoja anakuwapo, kwa zamu, na filtre ya zamani inaletwa mkutanoni ndani ya sashe, na tarehe imeandikwa juu. Hakuna filtre ya zamani, hakuna pesa ya filtre mpya katika kaye.

Kwa kuwa mafuta ya zamani sasa yanafika mpaka nyumbani kwetu pamoja na hizo sashe, neno moja la watoto. Mafuta machafu ya motere si dawa ya kidonda wala ya vipele, hata kama bibi fulani anasema. Yana sumu inayoingia kwa ngozi, kwa hiyo anayeyashika anawe kwa sabuni. Yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Mafundi wengine wanayachukua kupaka miti ya ujenzi dhidi ya mchwa. Wapeni hao, katika bidoni yenye kifuniko. Na mazutu au petroli ya taa isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya maji ya kunywa au ya sukari. Mtoto akinywa, msimtapishe, maana ikipanda inaingia katika mapafu. Mkimbizeni kwenye kituo cha afya, mkibeba chupa ile.

Wale wamama wawili walipata mkopo wao juma moja nyuma ya wakati. Mtoto mmoja alirudishwa nyumbani siku mbili. Motere yetu inaishi, ila mzee hakutuficha kwamba imekwisha kuliwa kidogo: inakunywa mafuta, na katikati ya vidanje mbili tunaongeza karibu robo lita. Tumeanza kuweka pesa pembeni kwa siku itakapoomba kufunguliwa.

Vidanje iliyopita ilikuwa zamu ya mama wetu mzee kuliko wote, ambaye hakusoma. Alikaa kwenye kiti kidogo mbele ya fundi tangu buloni ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kusema neno. Kifuniko kilitoka kwa kugongwa mara mbili, filtre ikatoka kwa vidole viwili. Aliileta mkutanoni katika sashe ya chumvi, akaiweka juu ya meza, ikatoa doa jeusi juu ya kaye ya kesi. Mama wa kesi akapiga kelele. Bibi akamwambia: "Andika."